Mtunzaji Aliyefanywa Jumbe

Ukimwuliza mtu yule kwamba ng'ombe aliyesimama mbele yake ni wa nani, alikuwa na jibu moja tu: "Wa watu." Hata kama ng'ombe alikuwa wake mwenyewe alijibu hivyo hivyo, na nadhani yalikuwa mazoea zaidi kuliko unyenyekevu, maana unyenyekevu hakuwa nao mwingi. Sisi tuliokaa kati ya mlima na mto Themi tulimwita Mtunzaji. Baadaye Wadachi, ndio Wajerumani, walimfanya jumbe, mkuu wao huku kwetu, na wapo waliomwita Jumbe mpaka mwisho, lakini nyumbani kwangu jina halikubadilika. Ukoo wake sitaueleza. Alisema Kimeru kama sisi na Kimaa kama jirani zetu Waarusha, kila upande ukidai kwamba ni wake, naye aliwaacha wadai.

Mjukuu wangu mmoja ni karani wa benki pale mjini. Siku aliponieleza kazi yake, kwamba wenye nacho wanaweka, wasio nacho wanakopa, na yeye anakaa katikati ili asiwepo wa kumdhulumu mwenzake, nilimwambia kazi hiyo naijua. Nilimwona mtu akiifanya tangu Wadachi hawajamaliza kujenga boma lao, na mali yenyewe ilikuwa na pembe na mkia.

Sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, ilikuwa imepita kabla mimi sijaolewa. Watu wa tambarare walilala na ng'ombe wakaamka na ngozi. Waliobakiwa na wachache, na wale waliopata wengine baadaye, waliogopa kuwaweka mahali pamoja. Wakawa wanamletea Mtunzaji. Yeye aliwapandisha huku mlimani, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile, kwa watu wenye majani na migomba lakini wasio na ng'ombe. Aliyepokea alikunywa maziwa na kutia samadi mgombani. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe, ila aliyetunza vizuri kwa muda mrefu alipewa mmoja awe wake kabisa. Mtunzaji naye alipewa ndama wake kwa usumbufu, na kundi lake lilikua hivyo, polepole, bila mtu kuona lini alitajirika.

Mimi nilimjua kwa sababu ya shida. Niliolewa na mtu mwema asiye na kitu. Shamba letu lilikuwa limechoka, ndizi zetu zilikuwa nyembamba kama vidole, na mama mkwe wangu alikuwa ameanza kunitazama kama mimi ndiye niliyekuja na huo umaskini. Mtunzaji alifika uwani siku moja bila kuitwa. Alitazama migomba, akatazama nyumba, kisha akanitazama mimi.

"Binti, unajua kukamua?"

"Najua, baba."

"Ulijifunza kwa ng'ombe gani?"

"Wa mama. Alikufa."

"Alikufa kwa nini?"

"Alikula majani yenye umande mwingi, tumbo likavimba."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nililia."

Hakucheka. Alisema, "Basi safari hii ukiona tumbo linavimba, nikimbilie kwanza, halafu ndiyo ulie." Kesho yake mwanawe alituletea mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, mali ya mtu wa upande wa Lemara aliyeitwa Lomayani. Sikupata kumwona Lomayani mpaka miaka mingi baadaye. Nilichokijua ni kwamba ng'ombe wake alikuwa ndani ya nyumba yangu, anacheua, na nyumba ilikuwa na joto.

Ndama wake wa kwanza alikufa. Hilo nalikumbuka kuliko mambo mengi makubwa yaliyotokea baadaye. Desturi ilitaka aliyefiwa na mnyama apeleke ngozi na nyama kwa mwenyewe, ili ijulikane hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Nilibeba ngozi ile ndogo mpaka kwa Mtunzaji, na njia nzima mama mkwe alikuwa nyuma yangu akisema ng'ombe atachukuliwa na tutachekwa na mlima mzima. Mtunzaji aliikunjua ngozi, akaipitishia mkono upande wa ndani, akainusa. Aliniuliza ndama alinyonya vipi, kinyesi chake kilikuwaje, tulikuwa tunamlaza wapi. Nilimjibu yote. Halafu akaikunja.

"Mlikuwa mnamlaza karibu na moto," alisema. "Moshi. Mwingine atakayezaliwa mlazeni upande wa mlango."

Mama mkwe akauliza, "Mwingine?"

"Ng'ombe amekufa au ndama ndiye aliyekufa?" akamwuliza. "Nendeni nyumbani. Kwa Lomayani nitakwenda mimi."

Alikwenda kweli, kwa miguu, akarudi na salamu tu. Nilikuwa msichana tu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza maneno marefu vile bila kunikatiza. Ndama aliyefuata alilala upande wa mlango na akakua.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa bahili. Alikuwa na ng'ombe kila kona ya mlima, na bado alivaa shuka lililochakaa mpaka ukiliangalia juani unaona mbavu zake. Akikupa ugoro, alikupa ule uliokwisha harufu, na mzuri alibaki nao kiunoni. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu yake mirefu, na alimsalimu ng'ombe kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Aliinama kutazama kinyesi, akabonyeza mbavu za mnyama, akanusa kibuyu cha maziwa bila kuomba ruhusa. Wanawake wengi walikerwa.

Mama mkwe wangu alimwambia siku moja, "Ungeanza kutuuliza kama tumeamka salama."

Akamjibu, "Ng'ombe ameamka salama. Kwa hiyo na ninyi mmeamka salama."

Lakini pia nilimwona akimkatalia mtu aliyekuwa na majani mengi kuliko sisi sote. Yule mtu alikuja na pombe ya ndizi na maneno matamu, akaomba ng'ombe. Mtunzaji aliinywa pombe yote, kisha akamwambia, "Mkeo alipita hapa jana jicho limevimba. Mkono ule siupi ng'ombe." Yule mtu alidai hayo ni mambo ya nyumbani kwake. "Na ng'ombe angekaa nyumbani kwako," akasema Mtunzaji. Maneno yakaishia hapo.

Jumbe aliyekuwepo kabla yake alitoroka. Sijui kama ni kodi iliyomshinda au ni watu. Bwana mkubwa wa bomani akawa anatafuta mtu anayeweza kuingia uwani kwa yeyote bila watu kukimbilia migombani, na mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Akamwita. Aliporudi alitukusanya uwani kwake, sisi wote tuliokuwa na ng'ombe mikononi mwetu, akatueleza ameombwa nini. Wanaume walikohoa na kutazama chini. Aliyesema alikuwa mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Leo ukifika kwa mtu, anajua umekuja kutazama ng'ombe," alisema. "Ukivaa koti la Wadachi, atajuaje umekuja kutazama nini?"

"Atajua akiniona namtazama ng'ombe."

"Na siku watakayokutuma umlete mtu?"

Mtunzaji akasema, "Nisipokubali mimi, ataletwa mwingine kutoka mbali. Huyo hatajua nyumba ipi ina mgonjwa wala ipi haina mume. Atahesabu nyumba tu."

"Kwa hiyo umeshakubali."

"Nimeshakubali."

"Basi ungetuambia hivyo tangu mwanzo," alisema mkewe, akainuka. "Tumeacha mashamba kuja kukusikiliza ukijibembeleza mwenyewe."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini nilimwona akimfuata mkewe kwa macho mpaka alipoingia ndani.

Koti alilopewa lilikuwa la kaki, na vifungo vya shaba. Mtu aliyeona shuka jipya ni hasara alilifurahia koti lile kama bwana harusi. Alilivaa hata jua la mchana, jasho likimtiririka. Alimfundisha mwanawe kusugua vifungo kwa majivu. Akija kutazama ng'ombe alilivua mlangoni, akalikunja vizuri na kulitundika mbali na mikia, halafu ndipo akainama. Hapo nikagundua kwamba alikuwa amejibu swali la mkewe kwa namna yake, maana aliyeingia ndani kwa ng'ombe alikuwa Mtunzaji, na Jumbe alibaki ametundikwa mlangoni. Kwa muda mrefu niliamini inawezekana kuwatenga hao wawili.

Na kazi ya ujumbe aliiweza. Siku za shauri, watu walipokwenda bomani kusikilizwa, wanawake tulikwenda pia kuuza ndizi na maharage kwa askari, kwa hiyo mengi niliyasikia kwa masikio yangu. Mwaka mmoja bwana mkubwa alitaka wanaume wengi wa kujenga barabara, na mvua za kupandia zilikuwa zimeanza kunyesha. Mkalimani, kijana wa pwani mwenye kanzu safi, alitangaza amri. Mtunzaji alisimama mbele na koti lake.

"Mwambie bwana nitampa watu anaowataka," alisema. "Lakini nitampa maharage yakishaota."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Bwana akasema jambo kwa ukali.

"Anasema serikali haingoji maharage."

"Mwulize mwakani atataka kodi tena au hataki."

Mkalimani alimtazama kama mtu anayemwomba asimwingize matatani, lakini akatafsiri.

"Mwambie mimi maisha yangu yote ninatunza ng'ombe," aliendelea Mtunzaji. "Ng'ombe ukimkamua asibakize kitu, ndama anakufa, na hapo umekunywa maziwa ya siku moja. Watu hawa wakipanda, watavuna, watauza, watalipa. Wakienda barabarani leo, mwakani nitamletea barabara tupu."

Aliyekuwa karibu nami alinibana mkono kwa hofu. Bwana alitembea kidogo, akarudi, akasema neno fupi. Wanaume walipanda kwanza. Mwaka ule tulikula, na sijasahau kwamba tulikula kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Baada ya hapo bwana mkubwa alikuwa akimwita hata pasipo shauri, amwulize habari za mipaka, za njia za maji, za ugomvi wa watu wa juu na watu wa chini. Maneno yake yalikuwa na uzito pale bomani kuliko ya watu waliozaliwa wakuu.

Maharage yalipoota, akatoa watu. Mume wangu alikuwa mmoja wao.

Nilikwenda kwake nikiwa na Anaeli mgongoni, mwanangu wa kwanza, bado mchanga. Sikumsalimu.

"Umemtaja baba Anaeli."

"Nimemtaja."

"Una watu wengi. Mtoto wangu hata kukaa hajui."

"Kila niliyemtaja ana jambo kama hilo, mama Anaeli. Asiye nalo hayupo."

"Na mwanao?"

Mwanawe alikuwa pale pale uwani, kijana mwenye nguvu, anasugua vifungo. Aliacha kusugua. Mtunzaji alilitazama koti, akatazama mlima. Nilisimama pale mpaka mwanawe alipoinama akaanza kusugua tena, ndipo nikaondoka.

Mume wangu alibeba mawe ya barabara na kurudi na mgongo ambao haukupona sawasawa tena. Muda wote alipokuwa huko, kila asubuhi nilikuta mzigo wa majani ya ng'ombe mlangoni. Mwanawe ndiye aliyeyaleta. Niliyapokea kwa sababu ng'ombe alihitaji kula na Anaeli alihitaji maziwa, lakini Mtunzaji akipita nilimpa mgongo. Aliingia, akamtazama ng'ombe, akatoka. Mwaka mzima tulikaa hivyo, na nakiri kwamba majani yale yalikuwa mazuri, yamechaguliwa, hayana umande.

Kisha likaja jambo la Lomayani.

Lomayani alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mzungu mmoja, hakupenda, lakini alihitaji kulipa kodi. Mnyapara alimpiga, naye akamrudishia, mnyapara akavunjika mkono. Lomayani hakungoja askari. Alishuka tambarare akapotea huko kwa ndugu zake wafugaji. Bwana mkubwa, na huyu alikuwa mwingine, mgeni, yule wa kwanza alikwisha kuhamishwa, akaamuru ng'ombe wote wa Lomayani wachukuliwe. Askari walifika Lemara nyumbani kwake wakakuta mbuzi tu. Haikuchukua muda mtu akawaambia kwamba ng'ombe wa Lomayani wako kwa jumbe wao wenyewe.

Habari ilipanda mlima kabla ya jua kugeuka. Kila nyumba yenye ng'ombe ilisimamisha kazi. Maana si Lomayani peke yake aliyekuwa ameweka mali kwa Mtunzaji. Walikuwa wengi, wa juu na wa chini, na wote walijiuliza jambo moja: kama koti linaweza kuwatoa ng'ombe wa Lomayani, litawatoa na wa nani kesho?

Jioni alikuja kwangu. Koti hakuwa nalo. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza alinisalimu mimi kabla ya ng'ombe.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Anakunywa maziwa?"

"Anakunywa."

Akaingia, akaweka kiganja kwenye mbavu za yule ng'ombe mwekundu.

Nikamwuliza, "Nimfiche? Kaka yangu ana nafasi kule juu karibu na msitu."

"Usimfiche. Mfunge hapa hapa anapofungwa siku zote."

"Wakija?"

"Hawatakuja kama mimi sijawaleta. Hawajui doa la ng'ombe huyu wala la yule." Alisugua mkono kwenye shuka lake. "Mlishe vizuri tu."

Kesho yake mlima mzima ulikuwa bomani. Hata mume wangu alikwenda na mgongo wake. Mtunzaji alikuja amevaa koti, vifungo vinang'aa, mkewe yuko nyuma yake na kikapu cha chakula. Nilidhani chakula kile ni cha kula mchana. Baadaye nilielewa kwamba mkewe alijua wanakokwenda.

Mkalimani alikuwa yule yule wa pwani. Alisema, "Bwana anauliza, ng'ombe wa Lomayani unawajua?"

"Ninawajua wote."

"Anasema uwaonyeshe askari."

"Sitawaonyesha."

Mkalimani alifunga macho kidogo, akatafsiri. Bwana mgeni hakupiga kelele. Alisema maneno machache, taratibu.

"Anasema wewe ni jumbe wa serikali. Umekula chumvi ya serikali. Amri ni amri."

"Mwambie ni kweli. Lakini ng'ombe wale waliletwa kwangu kabla ya koti hili. Mtu aliniletea akasema, nitunzie. Hakusema, nitunzie mpaka nikosane na serikali." Alingoja mkalimani amalize, akaendelea. "Mwambie tena, walinitaka niwe jumbe kwa sababu watu wananiamini. Nikiwatoa ng'ombe wale leo, kesho atakuwa na jumbe asiyeaminiwa na mtu. Mmoja wa namna hiyo alikwisha kuwatoroka."

Bwana alimwangalia mkalimani, akamwangalia Mtunzaji, akasema.

"Anasema serikali itachukua ng'ombe. Haiondoki bila ng'ombe."

"Sijasema iondoke bila ng'ombe," alisema Mtunzaji. "Ninao wangu. Achukue hao. Idadi ile ile, na ni wanono kuliko wale."

Mkalimani alimwuliza kwa sauti ya chini, bila kutumwa na mtu, "Mzee, una hakika?" Mtunzaji alimjibu, "Tafsiri, mwanangu."

Bwana mgeni alikubali ng'ombe. Lakini kukaidiwa mbele ya watu hakukukubali. Askari walimvua koti pale pale. Alifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, akalikunja kama alivyokuwa akilikunja mlangoni kwangu, akampa askari. Wakamwingiza korokoroni. Mkewe alimpa mlinzi kile kikapu, akakaa chini kivulini mwa ukuta, na alirudi pale kila siku mpaka walipomwachia.

Alitoka amekonda, mgongo umeinama, na mwanzoni alitembea kama mtu anayepima ardhi. Ningependa kusema kwamba watu walimpokea kwa nyimbo na ng'ombe wakamiminika kwake. Haikuwa hivyo. Wengi walimsifu wakiwa majumbani, halafu wakaja kuwadai ng'ombe wao. Walisema boma sasa lina jicho kwake, na ni nani anayejua kesho. Hakumbishia hata mmoja. Alimtembeza kila ng'ombe mpaka kwa mwenyewe, akamweleza anapenda majani gani na anaogopa nini, akaaga. Kundi lake mwenyewe lilikuwa limekwisha kwenda bomani, hawa wa watu nao wakaondoka, na yule mtu aliyejaza mlima ng'ombe akabaki na wachache mno. Wa Lomayani ndio waliobaki wote, kwa sababu mwenyewe hakuwepo wa kuwachukua.

Siku alipofika kwangu baada ya korokoroni, nilimtangulia mlangoni.

"Karibu, baba," nikasema. "Umeamka salama?"

"Mwaka mzima hujaniuliza hilo."

"Nakuuliza sasa."

Alikaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwetu, na mume wangu akamkatia ndizi. Hawakuzungumza habari ya barabara. Walizungumza habari ya mvua.

Lomayani alirudi vita na Waingereza vilipoanza, Wadachi wakawa na mambo mengine ya kushughulikia. Alikuta ng'ombe wake wako, na watoto wao, na wajukuu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na aliposimuliwa yaliyotokea alitaka kumrudishia Mtunzaji idadi ile aliyoitoa. Ungedhani Mtunzaji angekataa kwa heshima. Hakukataa. Alisema, "Ni haki," na akabishana naye mchana kutwa kwamba yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika hawezi kuhesabiwa sawa na wale aliowatoa, ambao walikuwa wanono. Lomayani alicheka mpaka akakaa chini. Ng'ombe wangu mwekundu, aliyekuwa mzee sasa, Lomayani alisema abaki nilipo, na mtamba wake mmoja akanipa. Kutoka kwa mtamba yule nililipa ada ya Anaeli misheni. Na Anaeli ndiye baba wa huyo mjukuu wangu wa benki.

Mtunzaji nilimwona mara ya mwisho kwenye njia ya Ngaramtoni, siku ya soko. Wadachi walikwisha kuondoka na Waingereza walikuwa wameketi kwenye viti vile vile. Nilikuwa natoka kuuza maharage. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, anapumzika, na wapita njia walimkwepa kama wanavyomkwepa mzee yeyote. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mama Anaeli. Wa kwenye migomba, juu ya mto."

"Aa." Uso wake ulifunguka. "Ng'ombe wa mama yako alipovimba tumbo, ulilia tu."

"Sasa najua utaratibu: kukukimbilia kwanza, halafu kulia."

Nilitua kikapu nikakaa karibu naye. Alinipa ugoro, na ulikuwa mzuri, wenye harufu. Tulitazama watu wakipita na mbuzi wao, yaani mimi nilitazama na yeye alisikiliza. Aliuliza habari za nyumbani, nikamjibu.

"Mgongo wa mumeo?"

"Baridi ikija unamsumbua."

"Nilimtaja mimi."

"Najua, mzee."

"Mwanangu sikumtaja."

"Hilo pia nalijua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyemaliza mzigo mmoja na kuona mwingine bado uko. Sikumwambia kwamba haidhuru, maana ilikuwa imedhuru, na hakuwa mtu wa kudanganywa. Lakini nilikuwa nimebeba jambo langu kwa miaka mingi, na niliona nisipolisema pale sitalisema tena.

"Nataka kukushukuru," nikasema. "Ulinipa ng'ombe sina kitu. Ndama alipokufa ulinisikiliza mimi, hukumsikiliza mama mkwe. Tulipanda maharage kwa sababu yako. Ulifungwa ili maziwa ya mwanangu yasiondoke, na mwanangu leo ni mtu mzima, anasoma na kuandika. Asante, baba."

Aliinamisha kichwa. Nikadhani nimemuudhi, au amesinzia. Kisha alinigeuzia upande wa pili wa kichwa chake, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena," alisema. "Hili lingine halisikii vizuri."

Sikujua kama ni kweli. Nilisimama, nikasogea, nikayarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, mpaka watu wa soko wakasimama na mbuzi wao kusikiliza, naye amekaa pale juu ya jiwe, amenyoosha mgongo, akisikia.